Vibanio vya Jumatatu

Wenzake walimwita Bi Kunyanzi, na mtu asiyemjua angedhani ni kwa sababu ya uso. Hapana, uso wake ulikuwa laini, na alijua kuupaka mafuta. Jina lilitokana na jicho. Alikuwa mpiga pasi katika idara ya dobi ya hospitali kubwa, na shuka likimpita mbele likiwa na kunyanzi moja tu, hata la upana wa ukucha, alilirudisha kwenye mashine huku akimtazama aliyelileta kana kwamba kamletea tusi. Miaka yote aliyokaa pale hakuna muuguzi aliyewahi kurudisha shuka lake. Alilijua hilo, na alihakikisha wengine nao wanalijua.

Kulikuwa na mambo mawili aliyoyapenda kuliko pasi. La kwanza ni mdogo wake, la pili ni kusimulia alikotembea.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa akipika mvuke wa idara nzima. Boila lilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha pasi, ndani ya kibanda cha matofali chenye mlango wa bati, na yeye alishinda humo kutwa, jasho likimtiririka, akiangalia sindano ya geji na kusikiliza. Wote walimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitindamimba. Mama yao alipofariki alimwacha hata meno ya utoto hajang'oa. Bi Kunyanzi ndiye aliyemwogesha, aliyempeleka shule, aliyemchapa alipostahili na mara nyingine alipokuwa hastahili, na ndiye aliyekwenda kumwombea kazi. Sasa Kitinda alikuwa mwanamume mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, na bado kila asubuhi dada yake alimuuliza mbele za watu kama amekula.

Na hayo masimulizi, lo. Ujanani Bi Kunyanzi alichukuliwa na kampuni ya mahoteli akapiga pasi katika nchi za watu, nne kwa jumla, na kila alichokiona alikihifadhi. Ukimletea foronya, anakwambia foronya za kule. Ukilalamika mvua, anakwambia mvua ya kule. Uchaguzi ukikaribia ndiyo kabisa, kazi zilisimama. "Kuna nchi," angesema, huku pasi ikipumua mkononi, "mshindi ni aliyetangulia tu, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Kama sisi hapa. Kuna nyingine hawachagui mtu, wanachagua chama, halafu viti vinagawanywa kama mkate, kila chama kipande chake kwa kadiri ya kura zake. Mkate ukishagawanywa wanakaa miezi wanabishana nani ashike kisu." Wakunjaji walicheka. Kitu ambacho hakukisema ni kwamba katika nchi zote hizo nne yeye hakupiga kura hata moja. Alikuwa mgeni, dobi wa hotelini, na uchaguzi aliuonea dirishani.

Mwaka ule boila lilianza kukohoa. Mwanzoni lilikohoa asubuhi tu, likiwashwa, na Kitinda akasema ni uzee. Kisha likakohoa hadi mchana. Halafu madoa yakaanza, na aliyeyaona wa kwanza angekuwa nani mwingine: vidoa vya rangi ya chai kwenye mashuka yaliyotoka kufuliwa meupe. Mvuke ulikuwa unatema kutu. Alimwita mdogo wake akamwonyesha. Kitinda aliliangalia shuka kwa muda, akalikunja ili doa liende ndani.

"Linaoza, dada," alisema. "Chuma kinaliwa."

"Umewaambia wakubwa?"

"Nimewaambia. Wakamleta fundi. Kafunga vali kwa waya."

Vali ni kile kidude cha juu ya boila kinachofunguka chenyewe mvuke ukizidi, utoke nje badala ya kulipasua. Ya boila lile ilikuwa inavuja, na ikivuja mvuke unapungua, mashuka yanachelewa, wadi zinapiga simu kwa hasira. Fundi aliona njia ya mkato. Aliizungushia waya, akaukaza kwa koleo, akafuta mikono na kusema ni kwa muda. Ule waya ulikuwa bado uko pale msimu wa mvua ulipoingia na ulipokwisha.

Meneja wa idara hakuwa mtu wa ugomvi. Alikiri kwamba boila linatakiwa kuzimwa na kufumuliwa. Ila bila mvuke hakuna dobi, alisema, na bila dobi watu wote watakaa nyumbani bila ujira mpaka lirudi, na yeye hawezi kuliamua hilo peke yake halafu waje wamshtaki. Utaratibu wa hospitali ulitaka saini ya mwakilishi wa wafanyakazi. Naye mwakilishi alikuwa amestaafu, kaenda zake kulima, na nafasi yake ilikuwa wazi.

"Chagueni mtu," alisema meneja. "Akisaini, saa hiyo hiyo nazima."

Ndiyo maana nasema uchaguzi ule haukuwa wa mwakilishi. Ulikuwa uchaguzi wa boila, na aliyekaa karibu na boila kuliko wote alikuwa Kitinda.

Idara ile ilikuwa na namna yake ya kupiga kura. Wengi hawakusoma sana, na hata waliosoma mikono yao ilikuwa na maji kutwa, karatasi zingelowa. Basi tangu zamani walipiga kura kwa vibanio vya nguo. Kila mgombea anawekewa tenga nyuma ya pazia la shuka kuukuu, kila mfanyakazi anapewa kibanio kimoja, anaingia, anatumbukiza, anatoka. Tenga lenye vingi ndilo lililoshinda, mchezo umekwisha. Na kura ilipigwa Jumatatu tu, kwa sababu Jumatatu wadi zote hubadilisha mashuka kwa pamoja na zamu zote huitwa kazini. Siku nyingine huwapati wote chini ya paa moja hata uwabembeleze vipi.

Wagombea walijitokeza watatu. Mama Mizani, mwanamke wa maneno machache aliyepima mafurushi ya nguo chafu mlangoni, alitaka boila lizimwe mara moja: heri tukalale njaa tukiwa wazima. Fundi Cherehani, aliyeshona mashuka yaliyochanika, naye alitaka lizimwe, ila wadai nusu ya ujira kwa siku za kukaa nyumbani. Wa tatu alikuwa mfuaji aliyeitwa Shangwe, maana hakuna siku aliyowahi kuja kazini amenuna. Huyu alisema lisizimwe, liendelee hivyo hivyo mpaka lije jipya ambalo meneja ameahidi. Shangwe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linaudhi. Alikuwa na watoto wengi, na alipouliza, "Hao watakula nini?" hakuna aliyekuwa na jibu. Wafuaji walikuwa kundi kubwa kuliko jingine lolote pale, na walikuwa wake wote.

Hata asiyejua hesabu aliona kinachokuja. Waliotaka boila lizimwe walikuwa wengi zaidi, lakini kura zao zingekatika vipande viwili, na Shangwe angepita katikati yao akipiga mluzi. Watu walipokutana kwenye uwanja wa kuanikia kupanga siku ya kura, macho yote yalimgeukia Bi Kunyanzi.

"Wewe umetembea," alisema Mama Mizani. "Kwingine wanafanyaje?"

Jamani, alivyosimama. Alijifuta mikono kwenye aproni pole pole, kama mtu aliyesubiri swali hilo miaka ishirini. Akawaeleza habari ya nchi ya mkate, wakaguna. Kisha akawaeleza ile aliyoipenda kuliko zote, mahali ambapo hoteli yao ilitazamana na ukumbi wa kuhesabia kura.

"Pale," alisema, "ukitangulia bila kupata zaidi ya nusu, hujashinda kitu. Wawili wa juu wanarudi, wengine wanakaa pembeni, na watu wanapiga kura tena. Waliogawanyika wanapata nafasi ya kuungana. Duru ya pili, wenzangu. Hakuna anayeshinda kwa sababu tu wapinzani wake hawakuelewana."

Lilikuwa jambo zuri na alilisema vizuri. Watu walitikisa vichwa. Hata Shangwe alisema haina neno, yeye haogopi kupigiwa mara mbili.

Hapo ndipo mkunjaji mmoja alipoinua mkono. Alikuwa mwanamke mpole aliyesimama mwisho wa mstari wa mashuka, kaingia kazini juzi juzi, na wengi walikuwa hawajawahi hata kuisikia sauti yake.

"Samahani," alisema. "Nilikuwa nawaza. Kila mgombea angekuwa na kitambaa chake. Cheupe cha Mama Mizani, cha kijani cha Fundi, cha milia cha Shangwe. Unapotumbukiza kibanio kwenye tenga la unayemtaka, kibanio kiwe kimeuma kipande cha yule ambaye ungemchukua kama wa kwako hayupo. Tenga la mwisho likiondolewa, tunachukua vibanio vyake na kuvigawa kwa kufuata vitambaa. Tunamaliza siku hiyo hiyo."

Na nitakwambia kitu, Bi Kunyanzi aliona saa ile ile kwamba wazo halina kasoro. Alikwishaliona. Katika nchi ya mwisho aliyofanya kazi watu walipanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na aliyeshika mkia akitolewa kura zake zilihamia kwa aliyeandikwa wa pili. Ni kitu kile kile. Angeweza kusema, "Sawasawa, hata mimi nimeliona hilo." Lakini yeye ndiye aliyetembea. Aliulizwa yeye. Na sasa mtu ambaye hajavuka hata daraja la mjini alikuwa amelitoa kichwani mwake, akiwa amesimama na kandambili, jambo ambalo yeye ilimbidi apande ndege kulikuta.

"Mwenzangu umefika wapi wewe?" aliuliza.

Watu walicheka. Mkunjaji akainamisha uso.

"Tunachagua mtu wa kusaini mambo ya roho za watu," Bi Kunyanzi aliendelea, akinogewa na kicheko, "au tunacheza kombolela na vitambaa? Watu watachanganyikiwa, kisha wataanza kusema wameibiwa. Kura mbili, Jumatatu mbili. Hata wenye nchi zao wanafanya hivyo."

Ikapita hivyo. Mkunjaji alirudi kwenye mashuka yake na hakusema tena.

Jioni, wakirudi nyumbani kwa miguu, Kitinda alisimama kwenye kona ya duka la dawa.

"Dada, hizo Jumatatu mbili," alisema. "Katikati yake kuna wiki."

"Kwani wiki ni nini? Limekaa miezi."

"Lilikuwa linagonga kila likipumua. Mlio wake naujua. Siku hizi haligongi."

"Si ndiyo nafuu?"

Kitinda hakujibu. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, ukisema jambo la kijinga anakuachia mwenyewe ulisikie. Bi Kunyanzi alilisikia walipokuwa wanakula, akaisogeza sahani kando.

"Basi usiende," alisema. "Nitakuombea ruhusa. Nitasema unaumwa."

"Nikikaa nyumbani wataweka mtu asiyelijua. Huyo hatasikia kitu mpaka dakika ya mwisho. Mimi angalau nitasikia mapema." Akamwangalia dada yake, akaona amemtisha, akalegeza sauti. "Nawe acha kunitazama hivyo, kwani mimi shuka?"

Jumatatu ya kwanza ilifika. Zamu zote zilikuwepo, pazia likafungwa, watu wakapanga foleni na vibanio vyao mkononi, wakitaniana. Shangwe aliongoza, kama ilivyojulikana. Mama Mizani akamfuata, na Fundi Cherehani akawa wa mwisho. Kwa utaratibu wa zamani Shangwe angebebwa mabegani saa ile. Lakini hakuwa amefika nusu, na kila mtu aliona kwa macho yake kwamba ukiyajumlisha matenga mawili ya chini, yanamzidi kwa mbali. Fundi Cherehani alimpa Mama Mizani mkono mbele ya watu, akasema kura zake zote ni za mama. Mama Mizani akasema na yeye atadai ile nusu ya ujira. Bi Kunyanzi alisimama kando, mikono kifuani. Alikuwa na haki ya kujivuna. Duru ya pili ingempa Mama Mizani ushindi, Mama Mizani angesaini, boila lingezimwa. Yote aliyoyasema yalikuwa yanatimia, ila yangetimia Jumatatu ijayo.

Mama Mizani mwenyewe alimwendea meneja ofisini mchana ule. Akamwambia, ushindi umeshajulikana, nipe nisaini. Meneja alimwonea huruma kweli.

"Wewe bado si mwakilishi, mama," alisema. "Nyinyi wenyewe mmesema kuna duru ya pili. Mimi nitapokeaje saini ya mgombea?"

Aliyosema yalikuwa kweli, na sheria walijiwekea wenyewe.

Wiki ile idara ilichangamka. Ile kura ya pili iliwapa watu kitu cha kuongea. Shangwe alipita kwa wapiga pasi akiwatania, akisema Mama Mizani akishinda atawapima na wao kwenye mizani kabla ya kuwaruhusu kwenda chooni. Wafuaji walitunga vijembe, wapiga pasi wakavijibu. Bi Kunyanzi aliulizwa tena habari za nchi za watu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hamu. Alipojaribu kukumbuka kipindi kile kati ya kura mbili kule ng'ambo, alikumbuka nini? Bendera. Muziki barabarani. Hoteli imejaa, bakshishi nzuri. Hakukumbuka hata mara moja kuona watu wakingoja kwa hofu. Sasa alijiuliza kama walikuwepo, na kama walikuwa wanapita pale pale chini ya dirisha lake.

Madoa yalikua. Jumanne yalikuwa ya ukubwa wa sarafu. Jumatano shuka zima la chumba cha watoto lilitoka na mistari ya kahawia, akalitia kwenye matambara bila kumwita mtu. Alhamisi pasi yake ilitema maji badala ya mvuke, kisha ikatema mvuke mkali uliomuunguza kifundo cha mkono, kisha ikatulia. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya. Miaka yote ile alizoea kugongagonga kwa mabomba, hata hakukusikia tena, na sasa kutokuwepo kwake kulimfanya ageuke kila mara kutazama ukuta.

Alikwenda kwenye mlango wa bati. Kitinda alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shingo kainamisha upande, anasikiliza. Juu ya boila ule waya ulikuwa umeingia kutu rangi ile ile ya madoa.

"Ukate," Bi Kunyanzi alisema. "Kata huo waya, watajua wenyewe."

"Siwezi kuukata likiwa na moto, litanimwagia mvuke wote usoni. Inabidi lizimwe kwanza, lipoe."

"Basi lizime."

"Nikilizima bila saini, nafukuzwa leo, kesho linawashwa na mwingine. Nimewaza yote hayo, dada, usidhani nimekaa tu." Akatabasamu kidogo. "Bado Ijumaa, mapumziko, halafu ndiyo hiyo Jumatatu yako."

Neno "yako" lilimchoma. Hakulisema kwa ubaya, Kitinda hakuwa na ubaya huo, ila lilimchoma na likabaki humo.

Ijumaa asubuhi Kitinda alikuja mezani kwa dada yake na shati jeupe begani.

"Nipigie hili," alisema. "Jumatatu nataka nionekane mtu. Nikitoka kwenye pazia nataka wajue leo kapiga kura mwenye boila."

"Umekula?"

"Nimekula, mama yangu," alisema, na wapiga pasi wote wakacheka, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyomjibu kila siku.

Akaenda zake. Bi Kunyanzi alilipiga shati pasi kwa utulivu, akaanzia kwenye kola kama inavyotakiwa, kisha mabega, kisha mikono. Alikuwa kwenye mkono wa pili pasi iliposhiba mvuke ghafla, ikawa nyepesi, ikaanza kutetemeka. Kutoka upande wa pili wa ukuta alimsikia Kitinda akiita, sauti kubwa, neno moja tu: "Tokeni." Alikuwa amesikia mapema, kama alivyosema. Wapiga pasi walitupa walichoshika wakakimbilia uwanjani. Yeye alikimbia kinyume, kuelekea mlango wa bati, na Shangwe, aliyekuwa akipita na toroli la mashuka mabichi, alimkamata kiunoni akamvuta nje huku Bi Kunyanzi akimpiga ngumi za mgongo.

Wanaosimulia siku hizi wanasema mlio ulisikika mjini kote. Si kweli. Ulikuwa mzito na mfupi, na kilichofuata kilikuwa kirefu zaidi, mvuke ukipuliza, matofali yakianguka moja moja. Wote waliokuwa chumba cha pasi walikuwa uwanjani, wazima, wakihesabiana kwa majina. Aliyewaita watoke ndiye pekee ambaye hakutoka.

Walimzika Jumapili. Sina la kusema juu ya mazishi, mazishi ni mazishi. Shangwe alibeba jeneza kutoka mwanzo mpaka mwisho na hakukubali kupokewa.

Jumatatu duru ya pili ilifanyika. Ndiyo, ilifanyika. Meneja alisema bila mwakilishi hakuna wa kusimamia malipo ya wafiwa wala wa kusaini chochote, na utaratibu walikuwa wamekubaliana. Idara ilikuwa imefungwa, ukuta wa pasi umelala chini, kwa hiyo walifunga pazia kwenye kamba za kuanikia uwanjani. Watu walipanga foleni na vibanio mkononi, na safari hii hakuna aliyetania. Shangwe alipofikiwa na zamu yake hakuingia nyuma ya pazia. Alikwenda akalitoa tenga lake, akalipindua chini mdomo mbele ya wote, akatumbukiza kibanio chake kwenye tenga la Mama Mizani. Mama Mizani alipata kura zote. Meneja akamletea karatasi ya kuidhinisha kuzimwa kwa boila, maana wakubwa walikuwa wanaidai kwa ajili ya bima, na Mama Mizani alisaini akiwa amesimama, na hakumtazama mtu.

Bi Kunyanzi alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya kamba, shati jeupe limekunjwa mapajani. Walilikuta Ijumaa ile ile kwenye mabaki ya meza yake, mkono mmoja umepigwa pasi na mwingine nusu. Mkunjaji alikuja akakaa karibu naye, si karibu sana. Walikaa hivyo mpaka watu wakaanza kupungua.

"Ungepiga kelele," Bi Kunyanzi alisema mwishowe. "Siku ile. Ungenikatalia."

"Ningekatalia vipi, dada? Mimi sijafika popote."

Hakulisema kwa kisasi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bi Kunyanzi alitafuta mfukoni mwa aproni, akatoa kibanio chake. Alikuwa hajapiga kura. Alipoitwa alishindwa kuinuka, wakamruka.

"Nionyeshe," alisema. "Ile ya vitambaa. Nionyeshe tena ilivyokuwa."

Mkunjaji alisitasita. Kisha akavuta uzi uliokuwa unaning'inia kwenye pazia kuukuu, akachana kipande kidogo cheupe, akakiingiza kwenye meno ya kibanio, kibanio kikauma. Akamrudishia.

Bi Kunyanzi alikigeuza huku na huku. Alikuwa anatazama kama palikuwa na kitu kingine, hatua nyingine, jambo gumu ambalo mtu angeweza kulikosea.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu, dada."

Aliendelea kukishika mpaka walipokuja kufungua pazia.